Rutuba Iliyohamia Ziwani

Mapema mwaka 2025 simu yangu ilijaa picha za Kigongo–Busisi, Ziwa Victoria. Vivuko vilikuwa vimenasa kwenye majani ya kijani yaliyofunika maji kila upande, na abiria wamesimama wakitazama ng'ambo wasiweze kufika. Walionitumia walikuwa na swali moja: gugu hili jipya limetoka wapi, na nani kalileta? Wataalamu walilitaja kuwa salvinia, mmea wenye asili ya Brazil, tofauti na magugu maji ya maua ya zambarau tuliyoyazoea tangu miaka ya tisini. Juni mwaka huohuo Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa hapohapo, magari yakaanza kupita juu, na kelele zikapungua. Gugu lenyewe halina habari na daraja.

Nimefanya kazi ya kupima maji ya Ziwa Victoria tangu ujana wangu, kwanza nikiwa kibarua wa kubeba vifaa, baadaye fundi wa maabara. Swali la nani kalileta nimelisikia kwa kila janga lililotupata ziwani, na kila mara limeficha swali lingine lenye uzito zaidi: linakula nini? Kipande kimoja cha mmea kinaweza kuletwa na mto, na boti, au na mtu aliyependa kupamba bwawa lake. Lakini kikifika mahali pasipo na chakula, kinadumaa. Ziwani kwetu kinanenepa. Chakula hicho nakijua kinakotoka, maana nilikulia kinakoanzia safari.

Nilizaliwa upande wa Magu, kwenye mwinuko unaotazama bonde la Mto Simiyu. Baba alilima pamba. Baada ya mavuno bwana shamba alipita kukagua kama kila mkulima ameng'oa miti ya pamba na kuichoma, kwa sababu wadudu waharibifu hujificha humo wakisubiri msimu mwingine. Ilikuwa amri, na ilikuwa na sababu yake. Ila moto haukuishia kwenye pamba. Mabua ya mtama na mahindi yalichomwa, nyasi za malisho zilichomwa ili majani mabichi yachipue, na moto kichaa ulimalizia uliobaki. Septemba na Oktoba jua lilizama jekundu, na mama alianua nguo zikiwa na vidoa vyeusi vya masizi, akazikung'uta na kuguna.

Kisha ilikuja mvua ya kwanza. Shamba letu la juu lilikuwa la luseni, mchanga mwepesi ambao jembe huupenda lakini huchoka haraka. Maji yalishuka mazito, yamebeba majivu, samadi na mizizi ya msimu uliopita, yakaingia korongoni kwa kishindo. Sisi watoto tulikimbilia kuyatazama. Baba naye aliyatazama, ila bila furaha. "Mavuno ya mwakani hayo yanaondoka," alisema, akarudi ndani.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, alitumia miteremko ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1930 kueleza kuwa udongo wa kilimani, wa katikati na wa bondeni ni mlolongo mmoja, na kinachopungua juu huonekana chini. Wasukuma walikuwa na jina kwa kila hatua ya mlolongo huo, luseni, itogolo, mpaka mbuga, na walipanda kwa kuufuata. Alichokisema baba kilikuwa fundisho hilohilo kwa maneno machache zaidi. Jambo ambalo hatukulifuatilia pale kijijini ni kwamba mteremko hauishii mbugani. Simiyu huyapeleka maji yake Ghuba ya Speke, na Ghuba ya Speke ni ziwa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye boti ya utafiti, Mwanza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika kamba ya sahani. Ni sahani ya upana wa sentimita 20, imegawanywa robo nne na kupakwa nyeusi na nyeupe kwa kupishana, imefungwa kamba yenye alama. Unaiteremsha upande wa boti wenye kivuli mpaka isionekane, unasoma alama. Unaivuta juu taratibu mpaka itokeze tena, unasoma tena. Katikati ya hizo mbili ndipo ung'avu wa maji ulipo. Aliyeianzisha ni padri Mwitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865, na mpaka leo ni vigumu kupata kifaa cha bei hiyo kinachoeleza mengi kiasi hicho.

Karibu na mji sahani yangu ilipotea kabla sijafika alama ya mita mbili. Nilidhani ndivyo ziwa lilivyo. Mtafiti tuliyekuwa naye akanifungulia vipimo vya Mwingereza J. F. Talling, aliyezunguka ziwa hili mwaka 1960 na 1961. Wakati wake sahani ilionekana mita kadhaa chini zaidi kuliko nilivyoiona mimi. Katika miongo isiyofika minne mwani ulikuwa umeongezeka mara nyingi, na aina zake zimebadilika. Ule wenye maganda ya silika ulikuwa umerudi nyuma, na nafasi yake imeshikwa na ule wa rangi ya buluu na kijani, ambao baadhi yake ukikosa naitrojeni majini huichukua hewani. Fosforasi haichukuliki hewani kwa namna hiyo. Kwa hiyo fosforasi ikiongezeka, mwani huo hauna tena kinachouzuia.

Siku ile nilifundishwa hesabu ya ziwa, na sijaisahau. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Takribani asilimia 80 ya maji yake huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na kiasi kinachokaribiana na hicho hurudi angani kwa kukaushwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Jinja, unakoanzia Nile. Maji hupaa, fosforasi haipai. Kinacholetwa na mito na upepo kwa sehemu kubwa hubaki, kikazunguka kutoka kwenye maji kwenda kwenye mwani, kutoka kwenye mwani kwenda kwenye samaki au kwenye matope, na kurudi tena.

Matope hayo nayo hutunza kumbukumbu. Dirk Verschuren na wenzake waliyachimba kilindini, wakayasoma tabaka kwa tabaka, na mwaka 2002 wakachapisha kwamba mabadiliko ya ziwa yalianza kuonekana tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba kandokando yake. Hapo sangara alikuwa bado hajapandikizwa. Sisi tuliozoea kumtupia sangara lawama zote, kwamba alimaliza samaki aina ya furu na kuvuruga kila kitu, ilitubidi tukubali kwamba meza ilikuwa imeandaliwa kabla yake.

Mwaka 1998 alikaa mezani mlaji mwingine. Magugu maji, yaliyokuwa yakiingia ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, mengi yakiteremka na Mto Kagera, yalifika kilele. Ghuba ya Winam upande wa Kenya peke yake ilifunikwa hekta zipatazo 17,000. Kwetu kulikuwa na mialo ambayo mitumbwi haikutoka. Nilipangiwa kusaidia kulea mbawakavu walao magugu hayo kwenye matangi, pamoja na wanakijiji wa mwalo mmoja.

Mbawakavu huyu ni mdudu wa kahawia, urefu wake hauzidi nusu sentimita. Mchana hujificha kwenye kitovu cha mmea. Usiku hutoka na kukwangua ngozi ya jani, akaacha makovu madogo ya mviringo, kwanza meupe, kisha ya kahawia. Buu lake ndilo lenye madhara makubwa zaidi: hutoboa kikonyo kwa ndani na kushuka mpaka kwenye shina, maji yakaingia, uozo ukaanza, na mmea uliokuwa unaelea ukazama. Tulihesabu makovu jani kwa jani na kuandika daftarini. Wanawake wa mwalo walikuwa hodari kuliko sisi katika kazi hiyo, kwa sababu macho yao yalizoea kuchambua dagaa.

Miaka miwili mitatu baadaye magugu yalipungua kweli, kwa kazi ya wadudu na kwa mawimbi na mvua za El Niño ya 1997 na 1998 iliyoyakatakata. Tulisherehekea. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitutazama wiki zote zile bila kusema mengi, akaniuliza, "Kijana, hayo yaliyozama yamekwenda wapi?"

"Yameoza chini, mzee."

"Basi hayajaondoka."

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu. Mdudu alikuwa ameua mmea. Chakula cha mmea kilikuwa kimerudi majini kilikotoka, kikisubiri wa kukila.

Baada ya hapo nilipewa kazi ambayo wenzangu waliiona ya kitoto: kukusanya vumbi. Ndoo ya plastiki iliyooshwa kwa tindikali iliwekwa juu ya nguzo, mbali na barabara na miti, imefunikwa wavu ili ndege wasichafue. Kila baada ya muda maalumu nilisuuza ndoo kwa maji safi na kuyapitisha kwenye karatasi nyeupe ya chujio. Masika karatasi ilitoka karibu safi. Kiangazi, hasa miezi ya moto, ilitoka na rangi ya udongo na chembe nyeusi zisizo na idadi. Siku moja niliweka chembe mojawapo chini ya hadubini. Ilikuwa kipande cha jani la nyasi lililoungua, na mistari ya jani bado inasomeka, imenyooka, sambamba, kama ilivyokuwa malishoni.

Mwaka 2005 Rashid Tamatamah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Robert Hecky na Hamish Duthie, walichapisha matokeo ya vipimo vya aina hii. Makadirio yao yalikuwa kwamba asilimia 55 ya fosforasi yote inayoingia Ziwa Victoria hutoka angani, ikishuka na vumbi, majivu na mvua. Zaidi ya nusu. Mito, mabomba ya viwanda na mifereji ya miji yetu vikijumlishwa havifikii hapo.

Niliporudi nyumbani likizo nilimweleza baba. Alifikiri kwa muda, kisha akauliza ni nani basi wa kushtakiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini habari hii haipati nafasi kwenye mikutano. Bomba la kiwanda lina mwenyewe. Linaweza kupigwa picha na kutozwa faini, na ni haki litozwe. Moshi wa mashamba elfu moja hauna mwenyewe. Kila mkulima huchoma kidogo kwa sababu inayoeleweka, na upepo huvikusanya vidogo hivyo ukavishusha juu ya maji. Halafu msimu unaofuata mkulima yuleyule hununua mfuko wa mbolea ya dukani, kama pesa ipo, ili arudishe shambani sehemu ya kile kilichopaa.

Nisije nikaeleweka kwamba rutuba kuhama ni kosa kila mara. Kazi ilinipeleka pia Kirumi, kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo ambapo Mto Mara hupita kabla ya kufika ziwani karibu na Musoma. Juu ya mto huo, upande wa Kenya, Amanda Subalusky, Christopher Dutton na wenzao walifanya hesabu ambazo mtu asipoziona atadhani ni hadithi. Viboko zaidi ya 4,000 hula nyasi usiku nchi kavu na mchana huingiza mtoni kilo zipatazo 8,500 za mabaki ya majani kila siku. Nyumbu nao huzama kwa wastani wa zaidi ya 6,000 kwa mwaka wakivuka. Nyama huliwa na mamba, tai na samaki katika wiki chache, lakini mifupa huendelea kuachia fosforasi yake kwa miaka. Hata huko maji huchafuka: mvua ya ghafla ikizoa kinyesi kilichotuama kwenye madimbwi ya viboko, oksijeni hushuka na samaki hufa.

Tofauti niliiona Kirumi. Maji ya Mara yaliingia kwenye mafunjo yakiwa ya rangi ya udongo na kutoka upande wa pili yakiwa yametulia, meusi kidogo lakini hayana tope. Mafunjo yalikuwa yamepunguza mwendo wa maji, tope likatua, mizizi ikala sehemu yake. Kwenye vijito vingi vinavyopita mijini na kwenye mashamba ya mpunga, mafunjo ya mlangoni yamefyekwa. Maji huingia ziwani jinsi yalivyotoka kilimani, siku ileile ya mvua. Kiboko alirithi mto wenye mahali pa kupumzikia. Sisi tumerithi mteremko na kuunyoosha.

Somo la mwisho nililipata asubuhi moja ya kusi. Tulikuta sangara wakubwa wanaelea, matumbo juu, eneo kubwa ambalo boti ilichukua muda kulipita. Mwaloni walikwisha kuamua: kuna aliyemwaga sumu. Tuliteremsha kipimo cha oksijeni. Juu kulikuwa na kidogo sana, chini hakuna kitu.

Maelezo yake yanahitaji subira. Kwa miezi mingi ya mwaka maji ya juu yaliyopashwa na jua hukaa juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika. Mwani unaokufa hushuka, na kuoza kwake humaliza oksijeni ya huko chini. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini hupoza na kukoroga ziwa, na kwa kawaida hilo ni heri, maana kilindi hupata hewa. Lakini mwani ukiwa umezidi, maji yanayopanda kutoka chini huja yamekwisha oksijeni, na samaki aliye njiani hana pa kukimbilia. Aliye kwenye kizimba ndiye asiyeweza hata kujaribu: Novemba 2022 wafugaji wa sato wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa mkasa wa namna hii.

Hapa ndipo hali ya hewa inapoingia. Maji ya juu yakizidi kupata joto, tabaka hizo mbili huachana kwa nguvu zaidi, na kilindi hukaa bila hewa muda mrefu zaidi. Matope yasiyo na oksijeni huiachia fosforasi iliyokuwa imefungwa humo, ile ya miaka ya baba na ya babu, ikarudi majini. Mvua nazo zimekuwa za vishindo. Mei 2020 maji ya ziwa yalipita hata rekodi ya mwaka 1964, yakaingia kwenye nyumba za mialo na kwenye vyoo vya shimo, na kila kilichokuwemo kikawa mali ya ziwa. Joto na mafuriko havikuanzisha tatizo hili. Vinaliongezea riba.

Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu salvinia huwa najibu mambo mawili. La kwanza ni la matumaini. Yuko mbawakavu wake, Cyrtobagous salviniae, aliyepelekwa Ziwa Moondarra huko Australia mwaka 1980 na kulisafisha katika muda wa mwaka mmoja na ushee. Papua New Guinea, kwenye Mto Sepik, mdudu huyohuyo alikataa kustawi mwanzoni, kwa sababu majani ya gugu yalikuwa na naitrojeni kidogo. Watafiti walilazimika kuliwekea gugu mbolea ya urea ndipo mdudu akapata nguvu ya kulimaliza. Nina hakika kwetu gharama hiyo ya urea haitatupata.

La pili halipendezi. Tukiliua gugu hili na kuliacha lizame, tutakuwa tumerudia mwaka 1998, na jibu la yule mzee litakuwa lilelile. Linalotolewa ziwani na kupelekwa shambani ndilo linalopunguza kitu, japo ni zito kwa maji na usafirishaji wake ni gharama; kwa mashamba ya karibu na mwalo inawezekana. Yaliyobaki yote yako juu mlimani.

Na mlimani hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kwenye nchi ambayo miti yake ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, kwanza kupambana na ndorobo, kisha kupanua pamba. Mradi ulifanikiwa pale ulipoacha kulazimisha vitalu vya miche na kurudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili iwepo kiangazi. Maelfu kwa maelfu ya hekta yalirudisha majani na miti. Watu walihesabu faida yake kwa kuni, dawa, asali na malisho. Faida ya ziwa haikuandikwa popote, lakini ardhi yenye majani haipeperuki wala haiteremki kirahisi, na ngitili inayolindwa haichomwi.

Ndiyo maana naona mgawanyo wa fedha zetu umekaa vibaya. Tunanunua mashine za kuvuna magugu, tunaweka maofisa mialoni, na hayo yote yanahitajika. Lakini bwana shamba wa Maswa au Kwimba, anayeamua kama kijiji kitachimba makinga maji, kama miti ya pamba itaunguzwa shambani au itaingia jikoni badala ya kuni na majivu yake kurudi kwenye luseni, hatajwi kabisa kwenye mpango wa kuokoa ziwa. Atajwe, apewe pikipiki na mafuta, na kazi yake ipimwe kwa ndoo ya vumbi na sahani ya maji kama tulivyopima sisi. Mkulima atakayemsikiliza hatafanya hivyo kwa ajili ya sangara. Atafanya kwa sababu rutuba ni yake, na anaihitaji mwaka huu.